Ombi la Nela

Moshi mweupe wa kumtangaza Papa mpya ulipotoka Roma, Felicja alikuwa jikoni anapiga pasi vitambaa vya altare, na televisheni inajisemea peke yake chumba cha pili, mlango wazi. Hakungoja kuambiwa jina. Alichomoa pasi, akatwaa funguo za sakristia kwenye msumari, akavuka barabara na ndara za nyumbani, akafungua mlango wa pembeni wa kanisa na kubonyeza swichi ya kengele. Mama yake alifanya hivyohivyo zamani, enzi za kamba, siku alipochaguliwa yule Papa wa kwetu, Mpolandi. Alivuta mpaka viganja vikachubuka, na mpaka anazikwa watu walikuwa bado wanalisimulia.

Mji ulitoka nje. Mwenye duka la mikate aligawa mikate bure, na wanaume waliosimama na chupa zao nje ya duka la vileo wakavua kofia. Grażyna, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimkumbatia Kinga, binti wa Felicja, ingawa hakuwa amemsalimu tangu Kinga alipobeba mimba bila mume. Papa mpya alipotokea roshani walikuwa wamejazana sebuleni kwa Felicja kumtazama: mtu mwembamba kutoka ng'ambo ya bahari, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulisikia jina lake. Alisali, akabariki, kisha akaongeza neno lake mwenyewe. Alisema, kabla hujamuuliza mtu katoka wapi, muulize kama amekula.

"Maneno ya marehemu bibi yangu kabisa hayo," Grażyna alisema, akifuta machozi kwa kitambaa cha meza cha Felicja.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kufika Jumapili, Grażyna huyohuyo alikuwa hawezi kumtaja Papa bila kukunja pua. Asiyeishi huku anaweza kudhani watu huchukua muda kubadilika.

*

Padri Walenty, paroko, alirudi jioni ile ya Alhamisi akiwa ameshiba. Alikuwa amealikwa chakula na bwana mgombea wa uchaguzi, yule ambaye bango lake lilikuwa limefungwa kwenye uzio wa kanisa tangu Pasaka, uso mpana na meno yote nje, kati ya sanamu ya Bikira Maria na ubao wa matangazo ya misiba. Felicja alikuwa sakristia anapanga vitambaa vyake kwenye droo.

"Tumsifu Yesu Kristu, Padri."

"Nani kakuambia upige kengele?"

Felicja alidhani hakusikia vizuri, kwa sababu salamu ile haijibiwi hivyo, hata na walevi.

"Papa amepatikana, Padri. Nikaona moshi."

"Moshi. Na moshi ulikuambia ni nani? Umempigia mtu kengele hujui ni nani."

"Nimempigia Papa."

"Umempigia rafiki wa kila mwenye kuruka uzio wa mpaka wetu." Padri Walenty alivua miwani akaifuta kwa kona ya kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. "Niko mezani, mheshimiwa ananiuliza, Padri, hizo si kengele zako? Nimjibu nini? Kwamba mfua vitambaa ndiye anayeendesha parokia? Weka funguo hapo."

Aliziweka. Alikuwa amefua nguo za kanisa lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, bila mshahara, kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya funguo zile pia, tusidanganyane. Mwanamke mwenye funguo za sakristia hupishwa kwenye foleni ya duka la dawa. Alirudi nyumbani na ndara zake, na kitambaa chenye mafuta ya miwani ya Padri akakirudisha kwenye maji.

*

Jumapili Padri alihubiri vizuri, kama kawaida yake. Sauti anayo.

"Papa ni Papa," alisema. "Tunamheshimu. Lakini ndugu zangu, hata Petro alimkana Bwana, tena mara tatu, kabla jogoo hajawika. Sisi tutakuwa jogoo." Watu walitikisa vichwa kukubali. "Roma iko mbali. Mpaka uko karibu. Jumapili ijayo mna uchaguzi, nami sheria hainiruhusu kuwaambia mumpigie nani kura. Kwa hiyo siwaambii. Mkitoka tu, tazameni uzio."

Kanisa zima likacheka, kicheko cha watu wanaofurahi kuambiwa walichokuwa tayari wanakitaka. Felicja alitazama viatu vyake. Kisha akainua uso, kwa sababu alikuwa benchi la tatu na benchi la tatu linaonekana.

Kando yake alikaa Yorleny. Huyu alifanya kazi na Kinga kwenye kiwanda cha kuku, mstari mmoja, visu viwili. Alitoka Kolombia na wenzake wengi, wakapewa hosteli kuukuu ya shirika la reli, na chumba chao cha kubadilishia viatu kiwandani kilikuwa mbali na cha wengine, kimeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: WATU WA NJE. Meneja alisema ni kwa ajili ya mpangilio tu. Kipolandi chake kilitosha kukatia mabawa ya kuku, si zaidi. Misa aliijua tangu utotoni, lakini kwa lugha yake, kwa hiyo kila Jumapili alikaa karibu na Felicja, akamwangalia mdomo, na mdomo ukifunguka naye anafungua wake, anapiga magoti Felicja akipiga, anasimama akisimama.

"Kasema nini?" alinong'ona, akitabasamu kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

"Anawasalimu watu wote," Felicja alimwambia.

*

Mwezi wa Mei, jioni, wanawake huimba litania kwenye kibanda cha Bikira Maria pale njia panda. Huimba haraka ili wapate muda wa kuongea.

"Wanasema hata viatu vyekundu vya Mapapa amekataa kuvaa," alisema Lucyna, mke wa mfamasia.

"Vya nini, na moyo wenyewe ndio mwekundu wa Kikomunisti," Grażyna akajibu, na wakaangua kicheko mbele ya Mama wa Mungu na maua yake ya plastiki.

"Kaka yangu anasema huyo walimweka makusudi. Wanataka kutujazia wageni."

"Atuambie kwanza yeye kawapa chakula wangapi nyumbani kwake. Nyumba anayo kubwa."

"Na kuna mtu alimpigia kengele," Lucyna alisema, bila kumtazama mtu.

Felicja akacheka nao kidogo. Ukinyamaza wanakuona. Grażyna alimgusa mkono kwa huruma, ile huruma ya kuhakikisha wengine wameiona, akasema, "Mwacheni mama wa watu, yeye aliona moshi tu." Kisha wakaimba ubeti wa mwisho, na Felicja akaimba kwa sauti kuliko wote.

*

Nela, mjukuu wake, alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza Jumapili ile ile ya uchaguzi. Kanzu nyeupe ilikuwa inaning'inia mlangoni ndani ya mfuko wa nailoni. Taji la maua madogo alilisuka Yorleny, jioni baada ya zamu, na vidole vilivyochanika kwa baridi ya kiwandani, na akakataa kulipwa. Alichotaka ni kualikwa tu. Lakini fahari ya Nela haikuwa kanzu wala taji. Kati ya watoto wote wa mwaka ule, Sista wa katekesi alikuwa amemchagua yeye kusoma ombi la kumwombea Papa, kwenye sala za waamini, mbele ya kipaza sauti. Alilikariri akisimama mbele ya jokofu: "Tumwombee Baba Mtakatifu, ili Mungu amjalie afya na moyo mpana, atufundishe kupendana."

Siku ya mazoezi alirudi na karatasi nyingine.

"Padri amelirekebisha," alisema, akiwa na furaha. "Sasa langu ndilo refu kuliko ya wote."

Kinga alilisoma akiwa bado na koti la kazini. Alilisoma tena. Kisha akampa mama yake. Lilisema: "Tumwombee Baba Mtakatifu, ili Mungu amfumbue macho na kumwepusha na washauri waovu, na nchi yetu ilindwe na watu wa nje wanaotujia, na leo tuchague wale watakaotukinga."

"Nela ni msichana wa miaka tisa," Kinga alisema. "Siku ya kura mtu mzima akifanya kampeni anapigwa faini. Kwa hiyo Padri kamvalisha mtoto kanzu nyeupe. Nani atampiga faini mtoto?"

"Labda hakufikiria hivyo."

"Mama. Yule mtu hafikirii kitu kingine."

Walikwenda ofisi ya parokia wote wawili. Padri Walenty alikuwa anakula keki ya mbegu za mpopi, na mbegu zilikuwa zimemganda menoni. Hakuwaambia wakae.

"Sala si kampeni," alisema. "Tunamwombea Papa. Au mmekataa kumwombea Papa? Si ndiye mliyempigia kengele?"

"Mpe mwingine asome," Kinga alisema.

"Majina yameshachapishwa. Na mtoto anasoma vizuri, nasema kweli, kuliko wa mfamasia." Alilamba kidole. "Kinga, tuongee kama watu wazima. Baba wa huyu mtoto yuko wapi?"

"Norwei. Unajua."

"Sijui mimi. Kwenye kitabu cha ubatizo nafasi yake iko wazi. Nilimbatiza hivyohivyo, nikanyamaza."

"Hukunyamaza, Padri. Ulinisimamisha nyuma, karibu na ndoo za maji ya mvua."

"Kuna utaratibu kwa familia zisizo na utaratibu." Aliipenda sentensi hiyo, akaisindikiza na tabasamu. "Kama ombi la kanisa halimfai, basi na Komunyo ya hadhara haimfai. Aje Jumatano asubuhi, apokee kimyakimya pamoja na vikongwe. Yesu ni yuleyule."

Kinga tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango. "Twende, mama. Hata hiyo Jumatano asimguse. Tutampeleka mji mwingine."

Felicja hakuondoka. Aliiona kanzu mlangoni, na Nela mbele ya jokofu. Aliwaona wageni waliokwishaalikwa, binamu watakaotoka mbali, na Grażyna atakayesimama dirishani Jumapili kuhesabu nani katoka na nguo nyeupe na nani hakutoka. Aliona pia funguo, zilizokuwa juu ya meza ile, karibu na sahani ya keki. Hilo la funguo alilijua yeye peke yake.

"Atasoma," alisema.

"Mama."

"Ni maneno tu, Kinga. Atasoma, atapokea, yataisha."

Padri Walenty alizisukuma funguo kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, na Felicja akazipokea kiganjani kabla hazijaanguka. Zilikuwa zinanata kidogo kwa asali ya keki. Kinga aliona. Walipofika nyumbani aliingia bafuni, akafungulia maji akayaacha yamwagike.

Usiku ule ule, wakati wa kumsuka, Nela aliuliza, "Bibi, watu wa nje ni akina nani?"

"Ni maneno ya kanisani," Felicja alisema. "Inamisha kichwa."

*

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Bango la mgombea halikuondolewa kwenye uzio. Lilifunikwa na shela jeupe kwa ajili ya sheria, na meno yalionekana chini ya shela. Bendera za taifa ziliwekwa mlangoni. Ile ya njano na nyeupe, ya Papa, ambayo Felicja aliifua na kuinyoosha wiki nzima, ilibaki ndani ya droo.

Nela alipanda hatua za altare bila kujikwaa. Alirekebisha kipaza sauti mwenyewe, jambo lililowachekesha watu, kisha akasoma. Alisoma polepole, kwa sauti safi, akipumzika pale Sista alipomfundisha kupumzika. Amfumbue macho. Washauri waovu. Watu wa nje wanaotujia. Kila neno lilifika mpaka nyuma, kwenye ndoo.

Kinga alikuwa ameinamisha uso kabisa. Felicja alisimama wima na koti lake la sherehe. Alikuwa amejiambia tangu asubuhi kwamba yeye hatajibu. Hilo angalau angelifanya kwa ajili ya roho yake. Lakini umri wote mdomo wake ulikuwa umelijibu ombi kila lilipoisha, na ombi lilipoisha ukajibu.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Kanisa zima lilisema hivyo. Kando yake, kwa nguvu, akizitamka silabi moja moja, Yorleny naye alisema hivyo.

Nje, baada ya Misa, walimpongeza. Lucyna alimbusu Nela mashavu yote mawili. Grażyna alisema mtoto ana kipaji, angefaa redioni. Bwana mgombea, aliyekuja kama muumini wa kawaida na mpiga picha wake, alimpa rozari ndani ya kiboksi chenye jina la chama. Padri Walenty alimwekea Felicja mkono begani mbele ya watu.

"Mama Felicja ni mtu wetu," alisema.

Alitamani kuutoa mkono ule. Aliuacha hapo mpaka picha ikapigwa.

*

Nyumbani kwa Felicja, mezani kulikuwa na supu ya kuku yenye tambi, kisha nyama, kisha keki yenye kikombe cha Komunyo kilichofinyangwa kwa sukari juu. Binamu waliokuja kutoka mbali walikula haraka wakaondoka ili wawahi kupiga kura kwao. Waliobaki ni wa nyumbani, na Yorleny, aliyevaa gauni la bluu na kukaa ukingoni mwa kiti.

"Nela," alisema, kwa Kipolandi chake cha vipande vipande, "soma tena. Mama yangu anataka kusikia. Nampelekea." Akaegemeza simu kwenye jagi la juisi na kuwasha kamera.

Nela alipanda juu ya kiti mara moja. Kinga akaweka uma chini.

"Soma lile la Sista," Felicja alisema haraka. "La kwanza."

"Lakini Padri alisema..."

"Padri hayupo hapa."

Jikoni ilikuwa rahisi sana kusema hivyo. Nela aliinua mabega, akakunja mikono, akasoma lile alilolikariri mbele ya jokofu, la afya na moyo mpana na kupendana. Alilisoma vizuri kuliko kanisani. Alipomaliza alingoja kujibiwa, na hakuna aliyejibu. Yorleny alikuwa amemtazama Felicja mdomoni, kama Jumapili zote, na safari hii mdomo haukufunguka.

Yorleny alinyoosha mkono akazima simu.

"Siyo hii," alisema. "Ya kanisani ilikuwa ndefu."

"Ni ileile," Felicja alisema.

"Ya kanisani ilikuwa na neno la mlango wetu. Pale tunapovaa viatu."

Kinga alimgeukia. "Ulilielewa?"

"Ndilo neno la kwanza kujifunza." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatafuta maneno, na uso wake ulikuwa na aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea katika nyumba ya watu. "Nililisikia. Nikafikiri labda tunaombewa. Sikujua kama nijibu. Nikakuangalia wewe, Mama Felicja. Ukajibu. Basi nami nikajibu."

Nela, bado juu ya kiti, aliuliza kama asome tena. Kinga alimshusha, akampeleka chumba cha pili, akafunga mlango.

Felicja alichukua bakuli la Yorleny. Lilikuwa tupu, na Yorleny alikuwa ameshasema mara mbili kwamba ameshiba. Alilijaza supu mpaka juu, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili, akasimama pale. Yorleny aliitazama ile supu, akashika kijiko, akaila yote kwa adabu.